Mforosadi Mweusi wa Mwadhini

Waliokata mforosadi wa msikiti wetu nitawataja mapema, maana nimeona watu wakianza habari kwa kuzunguka mpaka msikilizaji anasinzia na wenye makosa wanajiondokea. Ni Rajabu, mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Ni Hemedi, mwenye duka la saruji. Na ni Fundi Sufiani, aliyeshika msumeno wa mashine. Wote wapo, wanakula na kulala vizuri. Lakini ninayetaka kumwandika hapa si hao. Huyu hakukata. Huyu aliupenda ule mti kuliko alivyowapenda wake zake, na kwa ninavyoona mimi, ndiye aliyekaribia zaidi kuumaliza.

Jina lake silitaji kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Kwetu milimani, upande wa Dindira, alikuwa Mwadhini basi. Watoto walisema Babu Mwadhini, wake zake walisema Mwadhini, hata yeye akijisemea alisema, "Mwadhini leo hajala." Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Nitamwandika kama anavyonijia.

Sauti yake ilikuwa mbovu. Lazima lisemwe, maana siku hizi wanaomkumbuka wanadai ilikuwa tamu. Ilikuwa sauti ya mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Lakini ilifika. Ng'ambo ya bonde, kwenye mashamba ya chai, wachumaji wakiisikia walijua ni alasiri, na hata wale Wakristo walijua saa ya kupima majani imekaribia. Ukimwambia Mwadhini, leo watu wamekuja wachache, alijibu, "Mimi naita tu, kuja ni shauri lenu." Maneno hayo aliyatumia kwa kila kitu, kwa kuku waliokataa kuingia bandani na kwa mvua iliyochelewa. Mpaka siku muuguzi wa zahanati, alipomwona amefika mchana wakati dawa ya macho aliandikiwa ya asubuhi, akamwambia, "Mimi naita tu, Babu, kuja ni shauri lenu." Mwadhini hakukanyaga zahanati mwaka mzima. Jicho la kushoto lilianza kuharibika hapo, kwa ajili ya kujibiwa.

Na yeye mwenyewe, baada ya kutuita sote, mara nyingi ndiye aliyeingia wa mwisho, vidole vimeiva rangi ya zambarau, akajipenyeza safu ya nyuma na kusinzia hotuba nzima. Tulijua alikotoka. Alitoka uani, mtini.

Ule mti sasa. Msifikirie hii miforosadi myembamba iliyoletwa na mradi wa viwavi vya hariri, ikapandwa shuleni, viwavi vikafa na miti ikabaki. Matunda ya ile ni maji ya sukari na kijiti. Wetu ulikuwa mfupi, mnene, umeinama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na shina limejaa vinundu vikubwa kama magoti. Majani yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Tunda halina kikonyo cha kushikia. Ukitaka kulichuma unalishika lenyewe, ukilishika linapasuka, na likipasuka mkono wako umeshatoa ushahidi. Lilikuwa jeusi hasa, ukali kwanza halafu utamu, na utamu huo ulikaa mdomoni mpaka unafika nyumbani. Mti wa namna hiyo haukuwepo mwingine mlima mzima. Ulikuwa mmoja, uani kwa msikiti, juu ya ukingo wa udongo, na chini ya ukingo ilikuwa nyumba yangu.

Msimu wake ulikuwa balaa la nguo nyeupe. Tunda lilianguka begani, likaanguka kwenye mkeka, watu walisujudu wakainuka na alama kwenye paji la uso ambayo haikutokana na ibada. Dawa ya doa Mwadhini aliijua, na wala haikuwa siri: unasugua doa kwa tunda bichi la mti uleule, kisha unafua. Tatizo ni kwamba matunda mabichi aliyachuma yeye peke yake na kuyatunza kwenye kopo, na aliyatoa kwa anayempenda. Asiyempenda aliambiwa yamekwisha. Sikukuu moja ya Idi, Rajabu alivaa kanzu mpya aliyoifuata Tanga, kanzu yenye tarizi kifuani, na forosadi ikamwangukia begani wakati anapeana mikono na wageni. Akaenda kwa Mwadhini na bega lake. Mwadhini akamwambia mabichi yamekwisha. Rajabu akainua macho, mti umejaa mabichi kama upele. "Hayo hayajafikia ubichi wake," akaambiwa.

Mimi naamini mti ulihukumiwa siku ile.

Wa pili kujeruhiwa alikuwa Hemedi. Tulipopata kipaza sauti, Mwadhini alisimama mbali nacho kwa mashaka, kama kitu kinachouma. Lakini hakuchukua muda kujua faida yake. Adhuhuri moja alimaliza azana, na badala ya kuzima, tukasikia bonde zima: "Hemedi, shuka. Wewe ni mtu mzima." Hemedi alikuwa juu ya mti, mwenye duka, baba wa watoto wengi, amefunga shuka kiunoni na mdomo umeiva. Kwa miezi, mteja akiingia dukani kwake kuuliza misumari, alianza kwa kumwambia, "Hemedi, shuka."

Na bado msidhani alikuwa mtu mbaya. Palikuwa na bibi mmoja Mlutheri karibu na kisima, haoni, hainuki kitandani. Bakuli la kwanza la kila msimu lilikwenda kwake, kabla ya imamu na kabla ya wake zake. Alikaa naye, akamweleza rangi. Akiulizwa alikotoka alisema amekwenda kumgombeza yule bibi kuhusu kuku wake. Yule bibi kuku hakuwa naye hata mmoja. Akifa mtu, Mwadhini alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka kaburini, na hakuna aliyemwona akila pilau ya msiba.

Sasa nije kwenye matawi, kwa sababu ndiko kwenye kosa.

Kukunyima hakukunyima. Ukienda kumwomba tawi la kupanda alikupa papo hapo, kwa mkono wa kulia na dua juu yake. Alinyoosha mkono kwenye ncha ya mti akavunja kijiti chembamba cha kuchokonolea meno, akakufunga kwa masharti: kipandwe asubuhi, kimwagiliwe kwa maji ya kisima na si ya mfereji, mwenye kukipanda asiwe amegombana na mtu. Mke wangu aliomba, kikakauka. Akaomba tena, kikakauka. Mwadhini mwenyewe alikuja kukagua, akakishika kile kijiti mfu, akatikisa kichwa.

"Ardhi yenu ina manung'uniko," akasema.

"Manung'uniko ya nani, Babu?" mke wangu akauliza.

"Hayo jiulizeni humu ndani."

Tukagombana siku ile mimi na mke wangu, kwa sababu ya kijiti. Mlima mzima ulikuwa na vijiti hivyo vilivyokauka, na kila mwenye nyumba alijiona ana kasoro ya moyo. Ule mti haushiki kwa vijiti. Unashika kwa gogo, tawi nene la zamani lenye vinundu, urefu wa mtu, unalizika zaidi ya nusu na kuliacha. Yeye alijua. Alijua miaka yote hiyo.

Kuhusu asili yake alikuwa na maelezo matatu na aliyatoa kulingana na mgeni. Akija aliyehiji, mti ulitoka Makka, ulikuja kama fimbo ya mzee fulani. Akija mzungu wa chai au mtu wa serikali, ulipandwa na Wajerumani. Sisi wa nyumbani tukimuuliza, ulipandwa na babu yake, na hapo ungedhani hata msikiti ulijengwa kuufuata mti. Nilimuuliza siku moja, sasa Mwadhini, ukweli ni upi. Akasema ukweli ni kwamba mti upo.

Basi Rajabu akaitisha mkutano wa kamati, uwe wazi kwa waumini. Ajenda ni usafi wa ua. Hemedi akasimama akaeleza habari za zile tofali ndogo za kutandaza chini, pevingi, jinsi misikiti ya Korogwe mjini inavyong'aa, na jinsi duka lake lingeweza kuzileta mpaka juu. Kikwazo ni mti. Watu wakanung'unika. Wengi walikuwa upande wa mti, nataka mjue hivyo. Angenyamaza tu Mwadhini, ungepona. Angesema huu mti ni mmoja, ukikatwa hakuna mwingine, angeshinda. Hata angesema mizizi imeshika ukingo, ingawa hilo sote hatukuliwaza, yeye akiwemo. Nilinyanyua mkono nitetee, Rajabu akaniambia zamu yangu bado. Haijafika mpaka leo.

Mwadhini akasimama. Akakohoa. Aliwatazama kwa jicho moja zima, akaona atawatisha.

"Mkate," akasema. "Lakini yule anayekaa mle atahamia wapi, hilo mjipange."

Imamu akamuuliza, "Nani anakaa mle, Mzee?"

"Ninyi mnadhani forosadi zinamwangukia mtu begani hivihivi?"

Mahali pengine maneno hayo yangetosha. Huku kwetu mti ukisemwa una mwenyewe, watu huupitia mbali na panga zao. Lakini alisahau tumekaa wapi. Rajabu alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani, akamgeukia imamu, akauliza kwa upole kabisa, je, inafaa jini awe na makazi ndani ya uzio wa nyumba ya Mungu? Imamu atajibu nini? Waliokuwa upande wa mti wakatazama chini. Mti ukakatwa kwa fatwa iliyoombwa na Mwadhini mwenyewe.

Fundi Sufiani alikuja na msumeno wake. Ulilia kutwa. Mwadhini aliadhini kila kipindi bila kukosea, katikati ya ule mlio, na bila kipaza sauti. Jioni alimwendea Rajabu, mbele ya watu, akaomba kuni.

Tulishangaa. Mtu aliyepigania mti vile, anaomba kuni zake. Rajabu akafurahi mno, akasema mpeni Babu kuni, achague mwenyewe. Akachagua gogo baya kuliko yote, limejaa vinundu, halipasuki kwa shoka. Watu wakacheka. Hemedi akamwita bwana kwa kilugha chetu, "Mgosi, hilo halikoki hata kwa petroli." Asubuhi yake tulimwona kituoni, gogo limefungwa gunia bichi, anabishana na kondakta kama lipande juu au liingie ndani. Alikuwa anakwenda kwa bintiye, Hale, ambako mkwewe ana kazi kwenye umeme na wamepewa nyumba. Tukasema uzee huo, anapeleka kuni nyumba ya umeme. Hakurudi kukaa tena. Azana akaachiwa kijana mwenye sauti nzuri, ambayo haivuki bonde.

Masika ya mwaka uliofuata ukingo ulishuka. Sitaeleza sana. Zile pevingi zilikuja kwanza, nzuri, zimepangana, zikafuatiwa na ua, na ua ukafuatiwa na mlima. Mimi nilikuwa jikoni namsubiri mke wangu atoke kisimani. Ukuta ulinilalia. Walionifukua walikuwa Rajabu na watu wake, kwa majembe kisha kwa mikono, na Rajabu alilia machozi, nilimwona. Kwa hiyo nimshukuru. Namshukuru kwa kunitoa kwenye udongo alioumwaga yeye. Mguu wa kulia haukurudi sawa. Nyumba haikurudi kabisa. Ndugu wa mke wangu, huko Kwedizinga, wakatugawia sehemu ya kulima, tukahama kutoka kwenye ukungu kwenda kwenye vumbi la Handeni, ambako majirani zetu wana ng'ombe na wanatusikitikia kwa kukosa ng'ombe.

Huko ndiko nilikosikia, miaka kadhaa baadaye, kwamba mforosadi mweusi upo Hale. Aliniambia dereva wa lori, mtu asiyejua chochote, kwamba kuna mzee mmoja pale ana mti unachafua nguo za watoto wa shule. Sikulala vizuri tangu hapo. Nilikuwa nimeshapanga. Nitachukua gogo, nitalipanda Kwedizinga, utakuwa wangu peke yangu. Watu wa mlimani watakuja kuomba, Rajabu akiwa mbele, na mimi nitamvunjia kijiti cha kuchokonolea meno na kumwombea dua.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya bintiye. Mti ulikuwa mbele yake, umempita mtu kimo kidogo, umeshajikunja kama mama yake. Macho yote mawili sasa yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nani huyo anaburuta mguu?"

Nikajitambulisha. Akauliza mke wangu hajambo, akauliza Kwedizinga tunakula nini. Nikasema mahindi yakikubali. Akamwita bintiye alete bakuli. Nilitia forosadi mdomoni na uso ukanikunjika, ilikuwa kali mno.

"Hapa joto," akasema. "Unazaa kwa hasira. Lakini unazaa."

Tulizungumza ya wafu na ya walio hai. Alimsema mwadhini wa pale Hale, kijana, kwamba anaimba badala ya kuita. Mwisho nikasema shida yangu, nataka gogo. Nikataka pia ajue kwamba najua habari ya vijiti. Hakuona haya hata kidogo.

"Mwaka huu niliacha mawili manene," akasema. "Moja limeshakwenda."

"Kwa nani?"

"Rajabu."

Nilidhani uzee umemchanganya. Akanieleza taratibu. Rajabu alikuja baada ya mfungo, akakaa pale nilipokaa mimi, akalia tena. Akapewa gogo. Amelipanda uani, kwenye sehemu iliyobaki, na amesimamisha kibao cha bati chenye rangi, kinasema mti wa asili wa msikiti, na jina lake chini yake kama mhifadhi. Kila mgeni anapelekwa kuonyeshwa. Limechipua.

"Umempa Rajabu," nikasema. "Aliyeukata."

"Ndiyo."

"Mimi niliomba mara ngapi? Mke wangu aliomba."

"Ninyi mliupenda," akasema. "Anayeupenda ataufanya nilivyoufanya mimi. Uliona nilivyoufanya. Rajabu haupendi, anapenda kusifiwa. Ataugawa kwa kila atakayesoma kile kibao, na atawapigia kelele wapande. Miaka michache utakuwa Dindira nzima. Mimi sikuweza hivyo. Mkono ulikataa."

Nilikasirika mpaka nikanyanyuka. Nikamwambia haki iko wapi, mimi ndiye niliyelala chini ya ule ukuta. Akasema haki haijui, yeye anajua miti, tena mmoja tu. Kisha akapapasa shina kwa vidole, akatafuta, akafika kwenye tawi nene lililobaki, limejaa vinundu.

"Hili chukua. Ukilikata, huu wangu hautazaa tena mimi nikiwa hai, lakini macho yenyewe hayaoni. Ila Kwedizinga hulipeleki."

"Kwa nini?"

"Jua litaliua, halafu utanilaumu. Una tabia ya kulaumu."

Bintiye alicheka huko jikoni. Mimi sikucheka. Nikamuuliza nilipeleke wapi. Akasema juu, kwenye ubaridi wake, mmoja hautoshi, wa Rajabu unaweza kuliwa na mbuzi kesho. Nikasema juu sina nyumba. Akasema una ardhi, ardhi haikuhama na wewe. Nikasema nani atalimwagilia, mimi na mguu huu? Alimwita bintiye alete simu, akamwambia ampigie Rajabu, na simu ilipoanza kuita akaninyooshea mimi.

Ilipokelewa. Ile sauti nilikuwa sijaisikia tangu siku niliyofukuliwa. Akasema shikamoo Mwadhini, akidhani ni yeye. Akasema haloo mara kadhaa, na Mwadhini pale kwenye kigoda akageuza uso upande wangu, anasubiri kama sisi tulivyokuwa tukimsubiri amalize.

"Chimba shimo," nikamwambia Rajabu. "Refu, limfike mtu kiunoni. Keshokutwa naja na gogo."

Alinitambua. Nilisikia akivuta pumzi. Hakuomba radhi wala mimi sikusalimia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, alichimbe upande gani.

"Palipokuwa jiko langu," nikasema.